Mtoto wa Kuazima

1

Dokta Hoza Shekalaghe aliacha kula mbaazi za nazi siku ile ile alipoanza kushuku kwamba zinaharibu ubongo wa watoto. Uhakika hakuwa nao bado, lakini alijihesabu mtafiti makini, na mtafiti makini huanza na tumbo lake mwenyewe. Wiki mbili mfululizo alipita mbele ya meza ya mbaazi na mahamri pale kona ya Mtaa wa Magunia, harufu ikamvuta shati, naye akakaza mwendo mpaka kazini akiwa na njaa yake na heshima yake. Suruali ilishaanza kumpwaya.

Ushahidi ulikuwa mezani. Tanga, Mtaa wa Magunia, msimu wa vipimo wa mwaka 2068: watoto kumi na tisa wamekalishwa mbele ya Kioo, na kumi na mmoja kati yao wameonyesha dalili za usonji. Kwingineko nchini Kioo kilikuwa kikipata mtoto mmoja au wawili katika mia. Hoza alikwisha andika ripoti ya kurasa arobaini, akaipa hali hiyo jina, Athari ya Shekalaghe, na Alhamisi ujumbe wa wizara ungefika kumsikiliza. Siku hiyo ilikuwa Jumanne, na tai mpya ilishapigwa pasi.

Kioo chenyewe kilikuwa ubao mweusi ulioning'inizwa ukutani, na pembeni yake juu kulikuwa na kitaa cha kijani cha kuonyesha kwamba umeme upo. Mama humpakata mwanawe mbele yake kwa dakika sita. Uso wa mwanamke hutokea, huimba, hucheka, hujificha na kurudi, na mwisho mama mwenyewe humwita mtoto jina lake kutoka nyuma. Kioo hakiulizi maswali. Hufuata mboni za mtoto mara mia mbili kwa sekunde na kuchora mstari wa kila mahali zilipopita. Watoto wengi hutazama macho na mdomo wa yule anayeimba. Wengine huvutwa na vitu vingine kabisa, na hao ndio serikali iliowataka mapema, kabla hata hawajatamka neno, iwapelekee mwalimu wa nyumbani kila siku mpaka watimize miaka minne.

Sheria ilikuwa kali kwenye mambo mawili. Kila mtoto anasomwa mara moja tu. Na sura ya mtoto haihifadhiwi popote. Kioo kikishachora mstari wake husahau uso papo hapo. Linalobaki ni jina na mstari, na majibu hufungwa mpaka msimu uishe, ndipo mama wote wa mtaa wapewe vyeti siku moja.

Asubuhi hiyo Hoza alitaka picha nzuri ya ukurasa wa kwanza wa ripoti. Akaichukua ile mistari kumi na mmoja, akailaza mmoja juu ya mwingine kwenye skrini, akitegemea kuona kitu kama uzi uliochezewa na paka. Badala yake aliona mstari mmoja. Ulianzia kwenye kitaa cha kijani, ukakaa hapo, ukateremka ukizunguka fremu ya Kioo pande zote nne kama fundi anayepima mlango, ukarudi kwenye kitaa. Akakagua. Akafuta, akaanza upya. Mstari mmoja.

Mtu mwingine angeona kosa. Hoza aliona sanamu yake ikisimamishwa mbele ya chuo kikuu.

"Bi Mwantumu!" aliita. "Njoo uone maajabu!"

Bi Mwantumu Rajabu alikuwa nesi mkunga. Alizalisha watoto kwa miaka thelathini na mmoja kabla ya kupewa kazi ya kuwapokea mama wa Kioo na kuwaonyesha pa kukaa. Alikuja akijifuta mikono, akavaa miwani.

"Watoto kumi na mmoja," Hoza alisema, akigonga skrini kwa kidole. "Nyumba kumi na moja, mama kumi na mmoja, na wote wanatazama namna moja! Hii imeshapita mbaazi, Bi Mwantumu. Mtaa mzima umeingia ubongo mmoja!"

Bi Mwantumu akasogeza pua karibu na skrini. "Huyu si Zahran?"

"Zahran gani?"

"Zahran wa Saumu. Mtoto mtulivu yule mwenye kishimo kidevuni. Anaipenda hiyo taa yenu, utadhani kalipwa kuilinda."

Hoza alifungua orodha. "Zahran yumo, na cheti chake ni safi. Hana dalili hata moja. Nazungumzia hawa, Mwanaheri, Bakari, Zuhura, Kassim..."

"Ndiye huyo huyo," alisema Bi Mwantumu. "Siku ya Mwanaheri alivalishwa hereni za kubana. Siku ya Bakari alikuja na kofia. Siku ya Zuhura walimfunga utepe, lakini hakuupenda, maskini, akautupa."

Kwa nje muuza maji alipita akipiga kengele.

"Ulijua," Hoza alisema.

"Nilijua tangu wa pili."

"Miezi mitatu! Na hukuniambia!"

"Mwanangu," Bi Mwantumu alivua miwani, "siku ya kwanza hapa ulinisomea karatasi. Msaidizi asitie maoni yake kwenye kipimo, asije akachafua takwimu. Ukanipa kalamu nitie saini. Nikatia. Mie saini yangu naiheshimu."

Hoza alikaa chini. Kitu cha kwanza alichokikumbuka, na alikionea aibu mpaka uzeeni, ilikuwa ni mbaazi.

2

Mtaa wa Magunia watu wake huazimana. Ndivyo walivyokuta wazee wao, na hakuna anayeona ajabu. Sufuria za arusi, viti, ngazi, betri ya pikipiki, gauni la kitchen pati, vyote huzunguka nyumba hadi nyumba, na mwaka juzi familia moja isiyo na mzee iliazima bibi wa jirani kwenda kupeleka posa, na posa ikakubaliwa. Sharti lao ni moja. Chombo cha mtu hukirudishi kitupu. Ukiazima bakuli, unalirudisha na chochote ndani.

Kwa hiyo Hoza na Bi Mwantumu walipoingia uani kwa Saumu alasiri ile, hakuna aliyekana. Saumu alikuwa akichambua mchele na jirani yake Chiku, mama yake Mwanaheri, na wanawake wengine watano walikuwa wamekaa kwenye jamvi. Kila mmoja alifikiri ujumbe huu umekuja kushukuru.

"Shikamoo Bi Mwantumu," Saumu alisema. "Karibu daktari, jisikie nyumbani. Mbona umekonda hivi?"

"Mtoto mliyekuwa mkiniletea," Hoza alianza.

"Zahran? Huyo hapo," Chiku alisema kwa kiburi cha mtu anayeonyesha mbuzi wa sherehe. "Daktari, sikufichi. Wangu mie, Mwanaheri, ni afriti. Angekivunja Kioo chenu na wewe akakutoa miwani. Na tunaambiwa ukikosa cheti safi shule ya chekechea hawakusikilizi, na mama mkwe naye anakusubiri na lake. Tukakaa tukasema, mtaa huu nani mwenye mtoto mwenye adabu? Zahran! Halii, hadai, ukimweka hapa unamkuta hapa. Sasa si ndio mtoto wa kupeleka serikalini?"

Saumu aliinamisha kichwa kwa haya ya furaha. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka ishirini na minane, mume wake baharia, na huyu ndiye mtoto wake wa kwanza baada ya kupoteza wawili. "Hajanisumbua hata siku moja," alisema. "Kila akiazimwa ananirudia na kitu. Huyu na bakuli la futari, huyu na maandazi. Mtoto wa mwaka mmoja, daktari, ananilisha!"

"Na siku yake mwenyewe?" Bi Mwantumu aliuliza. "Maana hiyo sikuiona."

"Ah, siku yake iligongana na ya Chiku. Saa mbili Zahran alikwenda akiwa Mwanaheri. Saa tatu zamu yangu. Nikaona haya, nesi atamwona mtoto yule yule mara mbili asubuhi moja! Nikamchukua Mwanaheri, nikaenda naye. Wewe ulikuwa umekwenda kunywa chai, akanipokea daktari."

Bi Mwantumu alimtazama Hoza. Hoza alitazama viatu vyake. Alikumbuka vizuri asubuhi hiyo; alimwandika Zahran kwa mkono wake, mtoto mwenye hereni ambaye alimng'ata kidole, na hakushtuka, kwa sababu watoto kwake walikuwa mistari, na mistari haivai hereni.

Dokta Hoza alifundishwa mengi chuoni, ila hakufundishwa namna ya kusema jambo polepole. "Kumi na kimoja kati ya vyeti vyenu vina dalili za usonji," alisema. "Na vyote ni vya mtoto mmoja."

Ilichukua muda kuwaingia. Chiku ndiye aliyekuwa wa kwanza kugeuza shingo kumtazama Zahran, kisha mwingine, kisha wote. Saumu peke yake hakugeuka. Ungo ulikuwa bado mapajani mwake na vidole vyake viliendelea kutafuta mawe kwenye mchele uliokwisha kuwa safi.

"Mtoto aliyetulia," alisema.

"Ndiyo."

"Aliyetulia ndiye mwenye dalili, na yule afriti ndiye safi."

"Kutulia kwenyewe si dalili, Bi Saumu, ila Kioo kinaangalia..."

"Ngoja!" Saumu aliinua kichwa, na uso wake ukawaka tumaini mpaka Hoza akaumia kuuona. "Si mnaita jina? Si mnaangalia kama mtoto anageuka akiitwa? Zahran aliitwa Mwanaheri! Akaitwa Bakari! Na anayemwita si mama yake! Mtu gani atageukia jina la mwenzake? Hata wewe daktari nikikuita Zuhura hutageuka!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Hoza naye, ambaye alijua kwamba kuitwa jina ni kipimo kimoja kati ya vitano, na kwamba ule mstari wa kitaa cha kijani haukuwa na habari na jina la mtu, alijikuta anataka iwe kweli. Hakuwahi kutaka kushindwa utafiti kiasi kile.

"Mwite," alisema. "Kwa kawaida yako, kama kila siku."

Zahran alikuwa amekaa upande wa pili wa ua, miguu ameinyoosha, akitazama ukuta. Nguo zilianikwa kwenye kamba nyuma yake na upepo ulikuwa ukizichezesha, na ukutani vivuli vyake vilikuwa vikipanda na kushuka.

"Zahran," Saumu aliita.

Kivuli cha shuka kilipanda. Mtoto alikifuata.

"Zahran, baba. Njoo kwa mama."

Chiku alikuwa amempakata Mwanaheri na kumziba mdomo kwa kiganja.

"Zahran!" Mara hii ilimtoka kwa nguvu, na mwisho wake ukakatika. Mtoto aliinua mkono taratibu, akaushusha, sawa na shuka.

Bi Mwantumu alisimama, magoti yakamlia. Akaenda akakaa chini karibu na Zahran bila kumgusa, akaunyanyua upindo wa kanga yake mpaka kivuli chake kikaingia ukutani kati ya vile vingine. Akakitikisa. Zahran alikaza macho. Akakitikisa tena, akakificha, akakirudisha. Mtoto akacheka kicheko cha kitoto kilichojaa tumbo, akakitazama kivuli, akaifuata kanga, akaufikia mkono, na kutoka mkononi akapanda mpaka usoni kwa mkunga, akakaa hapo kitambo kidogo kabla ya kurudi ukutani.

"Masikio mazima," Bi Mwantumu alisema. "Akili ipo. Mlango wake ndio uko upande mwingine, na sie sote tunabisha huku."

Saumu alilia waziwazi, mbele ya watu, bila kujifuta. "Nilikuwa nikijisifu," alisema. "Wenzangu hawalali, mie nalala. Nikasema mie ndiye niliyejua kulea."

3

Ndipo Hoza akalazimika kueleza sheria, na kila alivyoieleza ndivyo ilivyozidi kuonekana kama imetungwa na mtu aliyewachukia. Kwenye karatasi, Zahran ni miongoni mwa watoto wa Magunia wasiohitaji msaada, kwa kuwa Mwanaheri alimfanyia mtihani. Walimu wa nyumbani kumi na mmoja wataletwa mtaani, na hakuna hata mmoja atakayepiga hodi kwa Saumu. Ili kusahihisha, sharti vipimo vyote vifutwe, na kwa kila kimoja ijazwe fomu ya udanganyifu yenye jina halisi la mtoto aliyesomwa na saini ya mama yake halisi. Familia zilizoazima zitakaa mwaka mzima bila cheti zikisubiri msimu mwingine.

"Mwaka mzima!" Chiku aliruka. "Na mama mkwe wangu yule?"

Kisha akaanza kufikiri, na uso wake wote ulifikiri. "Subirini," alisema. "Walimu kumi na mmoja wanakuja mtaani. Si ndiyo?"

"Ndiyo, lakini..."

"Basi waje! Mie cheti changu kibaya nakipokea, mama mkwe atajiju. Mwalimu wangu akifika, namwelekeza kwa Saumu. Zile saa mbili za kila siku za Mwanaheri anakaa na Zahran. Wa Bakari, vivyo hivyo. Tulimwazima mtoto mara kumi na moja, sasa tunarudisha bakuli likiwa na kitu. Mtoto mmoja, walimu kumi na mmoja! Hata mtoto wa rais hana!"

Wanawake wote walikubali kwa sauti moja, na Hoza alijua kwamba wanamaanisha. Wangebeba aibu isiyo yao, miaka mitatu, kwa ajili ya jirani. Alipendezwa nao. Pia, na hili hakumwambia mtu siku hiyo, alipendezwa na jambo la pili: vyeti vikibaki vilivyo, Athari ya Shekalaghe inabaki hai. Alhamisi inakuja, kurasa arobaini zipo tayari, na tai imepigwa pasi. Hakutakiwa kusema uongo hata mmoja. Alitakiwa kunyamaza tu, kama Bi Mwantumu alivyonyamaza.

"Walimu wa mkoa huu ni ishirini na sita," Bi Mwantumu alisema kutoka chini, bado akichezesha kanga. "Sitii maoni. Nahesabu tu. Kumi na mmoja wakija Magunia, Korogwe watabaki na nini? Huko nako kuna Zahran, na hana majirani kama nyie."

Wote wakamgeukia Hoza, na Hoza alitamani sana angekuwa mbaazi. Alijua jibu. Kilichomzuia kilikuwa ni sura ya Saumu, kwa sababu kumwambia mama aliyezika wawili kwamba walimu kumi na mmoja ni wengi mno kwa mwanawe, hilo hakuna kitabu alichosoma kilichomwandaa nalo.

Hakulazimika. Saumu aliweka ungo chini, akavuka ua, akakaa ubavuni kwa Zahran palipokuwa na Bi Mwantumu.

"Zipo hapo hizo fomu, daktari?"

"Zipo, ila fikiri kwanza. Nikizipeleka, jina lake litakuwa juu ya fomu kumi na moja. Kila atakayefungua faili la Magunia atamwona yeye."

"Chiku, Mungu akulipe, wewe na wenzako," Saumu alisema. "Lakini mwanangu ameshaitwa majina ya watu kutosha. Sasa aitwe lake."

Akaomba kalamu. Fomu ya kwanza aliandika herufi zikimpinda, machozi yakalowesha mahali pa tarehe. Ya tatu ilikuwa na herufi zilizonyooka. Kufika ya sita alikuwa akiwauliza wenzake nani alimvika kofia ile mbaya siku ya Bakari, na mama yake Bakari akatetea kofia yake kwa maneno makali, na kicheko kikaanza upande wa jamvi. Chiku alisaini yake moja, ya siku Mwanaheri alipoitwa Zahran, huku akilalamika kwamba yeye peke yake ndiye atakayekula maneno ya mama mkwe mwaka mzima. Ya kumi na moja Saumu aliiandika polepole kuliko zote, akaipuliza ikauke, akampa Hoza mkononi.

Hoza alizipanga kwenye mkoba juu ya kurasa zake arobaini. Alipotoka alinunua mbaazi za shilingi zote alizokuwa nazo mfukoni, akala amesimama barabarani, na tai ya Alhamisi ikakosa maana kabisa.

4

Ujumbe wa wizara ulikuwa watu watano na mpiga picha. Kiongozi wao, Mheshimiwa Gwakisa, alikuja na hotuba kuhusu janga la Magunia na dakika ishirini za kuisoma. Alimkuta Dokta Hoza hana tai, hana skrini, na mbele ya wageni kuna mwanamke mmoja kwenye kiti akiwa amempakata mtoto anayetazama feni.

Hoza alieleza kila kitu kuanzia mwanzo. Alieleza hereni, kofia na utepe. Alieleza karatasi aliyomsainisha Bi Mwantumu, na akasema kwamba kuanzia leo karatasi hiyo imechanwa, na mkunga ataulizwa kabla ya Kioo. Akasema anaomba vipimo vya Magunia vifutwe, mama wasamehewe ikiwezekana, na mwalimu aanze kazi Jumatatu katika nyumba ya kwanza kushoto ukipita kisima. Mpiga picha alishafunga kamera yake.

Mheshimiwa Gwakisa alipekua hotuba yake ukurasa baada ya ukurasa, akitafuta pa kuokoa. "Kwa hiyo, daktari, miezi mitatu, mashine ya serikali, wafanyakazi, gari," alisema. "Mwisho wa yote mmepata mtoto mmoja."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Mmoja tu?"

Saumu ndiye aliyejibu, akimweka Zahran vizuri zaidi mapajani ili aione feni.

"Mheshimiwa," alisema, "mie niliye naye ndiye huyo mmoja."